Kelele za magari chumbani usiku: pima, ziba, kisha ulale

Maswali ni yale yale. Nikitundika pazia zito, kelele za barabarani zitakatika? Nibandike sponji za studio ukutani? Trei za mayai je? Na lile la mwisho, ambalo huulizwa kwa kujiamini kabisa: mimi nimeshazoea, kuna haja gani ya kuhangaika?

Nianze na hilo la mwisho. Ni kweli umezoea, ila kilichozoea ni akili. Baada ya miezi kadhaa huamki tena lori linapopita saa nane usiku. Mwili hauna habari hiyo. Mapigo ya moyo yanapanda, mishipa inabana, adrenalini na kotisoli (homoni za msongo) zinaingia kwenye damu, usingizi mzito unageuka kuwa mwepesi, na asubuhi hukumbuki lolote isipokuwa kwamba umeamka umechoka. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka, hatari ya presha na maradhi ya moyo inaongezeka. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba Ulaya magharibi peke yake hupoteza walau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za usafiri, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni usingizi uliovurugwa.

Ndiyo maana tunaanzia chumba cha kulala, tena usiku. Sebule itasubiri.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye programu ya kupima kelele. Za bure zinatosha. Chagua inayoonyesha wastani wa muda (alama yake ni Leq au LAeq) na kilele cha juu (Lmax), siyo namba inayorukaruka tu.
- Daftari na kalamu.
- Tochi kali na karatasi nyembamba.
- Tepu ya kupimia.
- Mkanda wa mpira wa kuziba, ule wenye gundi mgongoni, na silikoni ya tyubu pamoja na kifaa cha kuisukumia.
- Kisu chenye makali, kitambaa na spiriti ya kusafishia.
- Vizibo vya masikio vya sponji laini.
- Mtu wa kukusaidia kwa usiku mmoja.

Mpira na silikoni usinunue kabla ya kumaliza hatua ya 4. Wengi hukimbilia dukani kwanza, halafu wanakuta mpira ni mwembamba kuliko pengo, au ni mnene kiasi kwamba dirisha halifungi tena.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kupima

Zima taa, lala kitandani saa ile inayokusumbua zaidi, na uandike unachosikia. Tenganisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni mvumo usiokatika: msururu wa magari ya mbali, matairi yakisaga lami. Kundi la pili ni vishindo: honi, pikipiki iliyotolewa kizuia sauti kwenye bomba la moshi, lori linaloshusha gia kabla ya tuta, tela tupu linalogonga bati.

Utengano huu si wa kupamba daftari. Mvumo unaweza kufunikwa kwa sauti nyingine laini, kishindo hakifunikiki. Vishindo ndivyo vinavyokushtua usingizini hata kama wastani wa usiku mzima unaonekana mzuri kwenye simu.

Kisha kinga kiganja nyuma ya sikio na ugeuke taratibu katikati ya chumba. Pale sauti inapochangamka ndipo inapoingilia. Andika: dirisha, mlango, tundu la hewa, dari.

Hatua ya 2: Pima

1. Toa simu kwenye kava. Hakikisha tundu la maikrofoni halijazibwa na vumbi wala kidole.
2. Zima feni, televisheni na kila kinachonguruma chumbani.
3. Weka simu mahali kichwa chako kinapolala, juu ya kitu kigumu, siyo ndani ya mto. Ukipima katikati ya chumba, kaa walau mita 1 kutoka ukutani.
4. Kwenye mipangilio chagua uzani wa A, unaofuata namna sikio la binadamu linavyosikia.
5. Acha ipime dakika 15 bila wewe kusogea. Andika Leq na Lmax.
6. Rudia mara tatu: dirisha likiwa wazi, dirisha likiwa limefungwa, na katika chumba kingine.

Sasa linganisha. Miongozo ya WHO ya mwaka 1999 inataka ndani ya chumba cha kulala mvumo usizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na vishindo visizidi 45. Miongozo yake ya mwaka 2018, iliyoandikwa kwa ajili ya kanda ya Ulaya, inapendekeza kelele za barabarani nje ya nyumba zisivuke wastani wa 45 usiku, na 53 kwa hesabu ya saa 24 ambayo huzipa kelele za jioni na usiku uzito zaidi.

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio huona kelele zimekuwa maradufu. Magari yakipungua nusu, namba hushuka kwa 3 tu, tofauti ambayo huenda usiitambue. Usivunjike moyo basi ukihangaika wiki nzima ukashusha 10. Hiyo ni kazi kubwa.

Angalizo: namba ya simu ni ya kulinganisha kabla na baada, kwa simu ile ile, mahali pale pale. Usimpelekee mtu yeyote kama ushahidi wa kisheria, na usibishane na jirani ambaye simu yake imesoma tofauti na yako.

Hatua ya 3: Hamisha kabla ya kujenga

Watu huruka hatua hii kwa sababu haina kitu cha kununua. Kama nyumba ina chumba kisichotazama barabara, kelele za huko mara nyingi huwa chini kwa desibeli 10 au zaidi, kwa kuwa jengo lenyewe limegeuka ukuta wa kuzuia. Hakuna pazia duniani litakalokupa hizo. Chumba hicho kikiwa stoo au sebule, badilisheni.

Ikiwa kuna mtoto wa shule, meza yake ya kusomea nayo ihame. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walipima watoto waliokuwa wakiishi katika majengo marefu yaliyosimama juu ya barabara kuu jijini New York. Waliokuwa wamekaa muda mrefu ghorofa za chini, zenye kelele zaidi, walipata shida zaidi kutofautisha maneno yanayokaribiana kwa sauti, na kusoma kwao kulikuwa nyuma. Miaka 2 baadaye, utafiti mwingine katika shule ya jiji hilo hilo ulikuta watoto wa madarasa yaliyopakana na reli ya treni iliyoinuliwa juu ya ardhi wako nyuma ya wenzao wa upande tulivu wa jengo hilo hilo. Reli ilipowekewa mipira na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti, pengo lile likatoweka. Mzazi anayemwambia mwanawe "jikaze, usiwasikilize" anamtwisha mzigo ambao meza ingeubeba.

Chumba kikiwa ni kimoja tu, sogeza kitanda. Kiondoe chini ya dirisha na kiondoe pembeni kabisa mwa chumba, kwa maana sauti nzito za injini hujikusanya kwenye kona.

Hatua ya 4: Tafuta mapengo

Kelele hupita kama maji: ukuta mnene hausaidii kitu ikiwa kuna ufa. Ukuta unaozuia desibeli 50, ukiachwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, unabaki kuzuia takriban 20. Ndiyo maana pengo la chini ya mlango linaweza kuharibu kazi yote ya dirisha la gharama.

Fanya hivi giza likiingia. Funga dirisha, zima taa, na umwambie msaidizi apitishe tochi polepole nje kuzunguka fremu nzima. Panapopenya mwanga, panapenya kelele. (Kama uko ghorofani, geuza kazi: subiri mchana wa jua kali, funika kioo kwa blanketi zito, utaona michirizi ya mwanga kwenye maungio.) Halafu fungia karatasi kati ya bawa la dirisha na fremu, uivute. Ikichomoka kirahisi, mpira wa hapo umekufa.

Sehemu ambazo watu husahau kuziangalia:

- chini ya mlango na tundu la kufuli;
- pale mabawa mawili ya dirisha la kusukuma yanapokutana katikati;
- kati ya fremu na ukuta, nyuma ya lipu iliyopasuka;
- tundu la waya wa antena au bomba la kiyoyozi;
- vile vioo vya vipande vinavyolaliana, ambavyo wengi huviita luva.

Luva hazizibiki. Ziko pale ili kupitisha hewa, na zitapitisha kelele. Ukiwa nazo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Hatua ya 5: Ziba

Anza na fremu, siyo bawa. Futa vumbi, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Gundi ya mkanda haishiki kwenye vumbi wala rangi inayobanduka, na hili ndilo kosa linalofanya mpira uning'inie kama utepe baada ya wiki mbili.

Pima pengo kwa kufinyanga kidonge cha udongo laini au ubani wa kutafuna, ukiweke kwenye fremu na kulifunga dirisha. Fungua, pima unene wa kilichobaki. Nunua mpira mnene kidogo kuliko huo, kwa kuwa unapaswa kubinywa. Usiobinywa hauzibi. Mpira wenye uwazi katikati hudumu kuliko sponji ya povu, ambayo hulala na haiinuki tena.

Bandika kwa kipande kimoja kila upande, bila kuuvuta. Ukivutwa wakati wa kubandika, baadaye hujirudi na kuacha uwazi kwenye kona, na kona ndiyo tundu. Kwenye kona kata kwa kisu, usikunje. Funga dirisha taratibu: unapaswa kusikia mkazo mdogo mwishoni, na komeo liingie bila kulazimishwa.

Mapengo yasiyofunguka, kama lile la kati ya fremu na ukuta, jaza kwa silikoni. Kwanza toa lipu iliyolegea, kisha sukuma silikoni ndani, usipake juu juu. Tundu la waya nalo lijazwe kuanzia ndani hadi nje.

Chini ya mlango weka ulimi wa mpira unaogusa sakafu, au ule unaoshuka wenyewe mlango ukifungwa. Taulo lililoviringishwa linafaa kwa usiku mmoja wa majaribio. Kama taulo limeleta tofauti, basi ulimi wa mpira utaleta zaidi.

Sasa yale maswali ya mwanzo. Sponji za studio na trei za mayai hazizuii kelele za nje. Sponji hupunguza mwangwi wa sauti iliyokwisha kuingia, ili mtu asikike vizuri anaporekodi. Trei hazifanyi hata hilo sawasawa, na moto ukitokea huwaka haraka. Pazia zito hulainisha makali ya sauti nyembamba, lakini mngurumo wa lori hupita humo kana kwamba hakuna kitu. Linunue kwa ajili ya mwanga.

Hatua ya 6: Kioo cha pili

Ukishaziba na bado usiku ni mbaya, ongeza dirisha la pili upande wa ndani, la zamani likibaki mahali pake. Ufanisi wake uko kwenye nafasi kati ya vioo viwili. Iache angalau sentimita 10. Vioo viwili vilivyobanana kwa milimita chache, kama kwenye madirisha mengi ya kisasa, viliundwa kuzuia joto na baridi, na dhidi ya mngurumo wa malori huleta nafuu ndogo kuliko bei inavyoahidi.

Mwambie fundi mambo matatu: vioo viwe na unene tofauti (vikilingana, udhaifu wa kimoja unarudiwa na kingine), cha ndani kiwe cha tabaka zilizogundishwa kwa plastiki katikati kama bajeti inaruhusu, na mpira uzunguke fremu yote bila kukatika. Kingo za ndani kati ya vioo zikifunikwa kwa kitu laini, nafuu huongezeka.

Kwa nyumba ya kupanga, muulize mwenye nyumba kwanza. Zipo fremu za sumaku au za kubana ambazo hutoka bila kuacha alama.

Hatua ya 7: Hewa

Chumba kilichozibwa lazima kipate hewa kwa njia nyingine. Acha wazi dirisha au tundu lililo upande usiotazama barabara, mlango wa ndani ukiachwa na uwazi mdogo. Pasipo na upande huo, tumia njia ya hewa yenye kona, iliyofunikwa ndani kwa kitu cha kufyonza sauti: hewa hupinda, sauti nyingi hufia njiani.

Onyo ambalo si la kujadili: usiwashe jiko la mkaa, jiko la gesi au jenereta ndani ya chumba ulichokiziba, wala karibu nacho. Kaboni monoksidi, gesi inayotoka humo, haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Chumba chenye kifaa chochote kinachochoma mafuta au gesi usikizibe kabisa.

Hatua ya 8: Masikio na sauti ya kufunika

Vizibo vya sponji hushindwa kwa sababu moja: watu huvichomeka tu. Nawa mikono. Viringisha kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, bila mkunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza kizibo haraka, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Sauti yako mwenyewe ikianza kusikika nzito kichwani, kimekaa. Badilisha mara kwa mara. Sikio likiuma, likitoa maji, au ukijua una nta nyingi, acha hadi likaguliwe.

Kwa mvumo, feni au sauti ya mvua kwenye simu inaweza kusaidia, ikiwa chini. Ukiiongeza hadi ishinde barabara, umejitengenezea barabara ya pili. Kwa mtoto mchanga kaa mbali na njia hii: usiweke kifaa cha sauti karibu na kitanda chake, na vizibo asivae kamwe.

Hatua ya 9: Pima tena

Simu ile ile, mahali pale pale, saa ile ile, siku ya aina ile ile. Jumapili hailinganishwi na Ijumaa, na lami iliyolowa huongeza kelele za matairi.

Hatua ya 10: Barabara yenyewe

Ndani ukishafika mwisho, kilichobaki kiko nje, na hicho hukifanyi peke yako. Kusanya majirani, andikeni siku na saa za vishindo kwa wiki mbili, kisha pelekeni kwa wasimamizi wa barabara ombi lenye jambo moja mahususi. Ombi la "punguzeni kelele" huishia kwenye faili.

Kuombea mwendo mdogo kunalipa: gari dogo likishafika kasi ya kilomita 40 hivi kwa saa, matairi hupiga kelele kuliko injini. Ndiyo sababu magari ya umeme hayatatuokoa kwenye barabara za kasi. Malori kuzuiwa usiku kunalipa hata zaidi. Lakini tahadhari na matuta: mkiomba tuta mbele ya nyumba zenu, kila lori litafunga breki hapo, litagonga tela, kisha litanguruma likiondoka. Vishindo mtakuwa mmevileta wenyewe.

Ukuta wa nje hufanya kazi pale tu unapokata mstari kati ya jicho lako na matairi. Ukiliona gari, unalisikia. Uzio wa miti hauzuii kitu cha maana hadi uwe msitu mnene wa makumi ya mita, ingawa watu wanaoona kijani dirishani huripoti kwamba hawakereki sana kama wasioona, na hilo si haba.

Ikikwama

Namba imeshuka ila mngurumo upo. Hizo ni sauti nzito, ambazo uzani wa A huzihesabu kidogo. Zinahitaji uzito na nafasi: kioo kinene, pengo pana, kitanda nje ya kona. Gusa kioo lori linapopita. Kikitetemeka kwenye fremu, kaza au badilisha mpira wake kwanza.

Namba haishuki chini ya 30 hata kukiwa kimya. Simu nyingi zinaishia hapo hapo. Amini masikio.

Sasa namsikia jirani. Barabara ilikuwa inamfunika. Rudisha feni kwa sauti ya chini.

Kioo kinatoa jasho, ukutani kuna ukungu. Umeziba kupita kiasi. Rudi hatua ya 7 kabla ya kuongeza chochote.

Dirisha halifungi tena. Mpira ni mnene. Usilazimishe komeo, utapinda fremu. Ubandue upande wa bawaba tu na uweke mwembamba.

Chumba kimetulia, wiki kadhaa zimepita, na bado naamka nimechoka. Muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma au unakata pumzi usingizini, kapime presha, na umweleze daktari vyote viwili. Mchukulie na zile namba za daftarini, zitamwokolea maswali.